PICHA ZA SIKU YA MATEMBEZI: Albamu za Jamaa wa Gongoni na Lugha ya Kuzisomea

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza aina moja ya hati ambayo sisi wanafunzi wa lugha tumewaachia watu wengine, nayo ni picha za jamaa zilizopigwa siku ya matembezi. Tunakusudia zile picha ambazo watu wa nyumba moja, wamevaa nguo za sikukuu, wamesimama mbele ya magofu, mnara, bembea au bahari, kisha picha ikawekwa katika albamu au chini ya sanduku la nguo. Mwanahistoria huziona kuwa ni mambo ya faragha; mtaalamu wa sanaa huziona kuwa hazina ufundi. Dai letu ni kwamba picha hizi ni matini; kwamba matini hiyo imeundwa kwa vitu viwili, yaani sura na maneno; na kwamba kati ya viwili hivyo maneno ndiyo yanayotangulia kupotea.

Tumechagua kuanzia Gongoni, mji mdogo ulio kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya Mto Sabaki, mbele ya Mambrui. Hapo hukutana Wagiryama, Waswahili, Wabajuni, na watu wa bara waliofuata kazi katika mashamba ya chumvi. Si mahali pasipo historia. Mwaka 1914, katika upinzani unaohusishwa na jina la Mekatilili wa Menza, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wagiryama kuuhama ukingo wa kaskazini wa Sabaki, nao wakarudi baada ya miaka kadhaa. Njia iendayo Ngomeni kutoka hapo ndiyo iliyopitwa na wahandisi wa Kitaliano waliorusha vyombo vya anga kutoka majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini, kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Kimojawapo, kilichorushwa tarehe 12 Desemba 1970, kilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Na mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa hadhara kuhusu utengenezaji wa chumvi katika Magarini, na malalamiko ya watu kuondolewa katika ardhi yalikuwa miongoni mwa yaliyosikilizwa. Katika nchi ya namna hiyo, swali la nani alikuwa wapi, na tangu lini, si swali la udadisi tu.

Hatutamtaja mwenye albamu yeyote kwa jina. Sababu yake itaonekana katika sehemu ya sita.

2. Picha, sanamu, taswira na sura

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Neno picha limetokana na Kiingereza, nalo limeingia pamoja na jamaa zake: kamera, filamu, studio, albamu. Kabla yake lugha ilikuwa na sanamu, taswira na sura, yote yenye asili ya Kiarabu. Sanamu lilibeba tangu mwanzo maana ya kitu kilichochongwa, na hata kiabudiwacho. Taswira limebaki katika uandishi na uhakiki wa fasihi. Neno sura lina kisa chake. Katika Kiarabu kuna maneno mawili yaliyo mbali: moja laandikwa kwa herufi ya sadi, na maana yake ni umbo au picha, jingine laandikwa kwa sini, nalo ni sura ya Kurani. Kiswahili, kwa kuwa hakitenganishi sauti hizo mbili, kimeyafanya neno moja, hata uso wa mtu na mlango wa kitabu vikaitwa kwa jina moja. Mtu wa pwani anaposema kwamba anaisoma sura ya mtu, lugha yenyewe imekwisha mwandalia njia.

Mgawanyo huu wa maneno una uzito wa kidini pia. Miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu ni al-Musawwir, yaani Mtia Sura. Na neno hilohilo musawwir ndilo Waarabu wa leo walitumialo kwa mpiga picha. Si ajabu basi kwamba wanazuoni walijadiliana juu ya kamera. Mwanzoni mwa karne ya 20 Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa hoja kwamba picha ya kamera si uumbaji bali ni kukizuia kivuli tu, kwa hiyo inaruhusiwa. Wengine hawakukubali, na mjadala haujafungwa. Kiswahili kilipolichukua neno geni picha, na kuliacha sanamu libaki na mawe na miti, kilipata neno lisilo na mzigo huo. Twaweza kusema kwamba mkopo huu ulijaza pengo la msamiati na pia ulipunguza mashaka.

Kitenzi nacho chastahili kuangaliwa. Twasema kupiga picha kama tunavyosema kupiga pasi au kupiga simu. Lakini anayesema "tulipiga picha Gede" mara nyingi hakushika kamera. Yeye ndiye aliyesimama mbele yake. Umbo la kutendwa, "tulipigwa picha", lipo, ila halitumiki sana watu wanapoieleza siku yao ya furaha. Katika usemi huo aliyepigwa amejihesabu kuwa mtendaji: alivaa, alisafiri, alichagua pa kusimama, alilipa. Mpiga picha alimsaidia. Vivyo hivyo husemwa kwamba fulani "ametoka vizuri", kana kwamba mtu hutoka ndani ya karatasi kwa juhudi yake mwenyewe. Filamu iliyoingiwa na mwanga husemwa kuwa "imeungua", na kazi ya dawa na maji gizani huitwa "kusafisha". Msamiati huu wa watu wa kazi umeanza kusahaulika pamoja na filamu yenyewe.

3. Kutoka studio hadi uwanjani

Upigaji picha wa pwani ulianza ndani ya chumba. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio yake Unguja. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika mji huohuo. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh alipiga picha za maarusi, marafiki na jamaa wa kila kabila. Lamu, Omar Said Bakor, ambaye alijifunza kazi hii mwenyewe, alikata picha na kuzipanga upya, hata uso wa mtu ukachipuka katikati ya ua au ukakaa ndani ya tunda. Katika studio mtu aliletewa mandhari: pazia lililochorwa, nguzo ya bandia, redio, saa, maua ya plastiki.

Kamera ya mkononi ilibadili mambo katika nchi tajiri mapema zaidi. Kodak ilipoiuza Brownie kwa dola moja mwaka 1900, ilifundisha pia kwamba siku ya mapumziko haijakamilika bila picha. Katika pwani yetu si nyumba nyingi zilizokuwa na kamera. Pengo hilo lilijazwa na mpiga picha wa kutembea, aliyekwenda palipo na watu: viwanja vya Idd, ufukweni, mlangoni pa magofu, na chini ya zile pembe kubwa za barabarani Mombasa. Alipokea sehemu ya fedha papo hapo, na iliyobaki alipozileta picha. Kwa hiyo picha ya matembezi ilikuwa kazi ya makubaliano kati ya jamaa na mgeni, na jambo hili laonekana ndani yake: watu wamekaa pozi, hawakuibwa. Aliyezoea albamu za Ulaya, zenye watoto wanaokimbia na wazazi wasiojua kwamba wanatazamwa, aweza kuziona picha zetu kuwa kavu. Lakini picha iliyolipiwa haichezewi.

4. Mahali pa kusimama

Tarehe 17 Julai 1955 ilifunguliwa Disneyland katika mji wa Anaheim, California. Uwanja huo wa michezo ulijengwa kwa makusudi ili utazamwe: ngome isiyo ya mfalme yeyote, mto usiotoka mlimani. Kodak ilikuwa na duka lake ndani ya uwanja tangu mwanzo, na baadaye ziliwekwa alama za kuwaonyesha wageni mahali pazuri pa kupigia picha. Albamu za jamaa wa Kimarekani zimejaa ngome hiyo.

Gongoni hapakuwa na uwanja wa namna hiyo. Jamaa waliotaka siku ya matembezi walikwenda kwingine. Kwa upande wa bara palikuwa na Marafa, penye korongo la udongo mwekundu na mweupe liitwalo Nyari, ambalo Wagiryama husimulia kwamba ni mahali pa watu matajiri waliooga maziwa hata Mungu akawadidimiza. Malindi palikuwa na ule mnara wa msalaba wa Wareno unaohusishwa na safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498, na kuanzia mwaka 1968 palikuwa na hifadhi ya bahari. Kusini zaidi palikuwa na Gede. Na kwa wenye nauli ya kufika Mombasa palikuwa na Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ikatumiwa na Waingereza kuwa gereza hadi mwaka 1958, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Tofauti na Anaheim iko wazi. Kule historia ilitengenezwa kwa mbao na rangi ili iwe mandhari. Huku historia ya kweli ndiyo iliyogeuzwa mandhari.

Tuchukue Gede. Ni mji wa mawe wa Waswahili uliostawi kwa karne kadhaa na kuachwa katika karne ya 17. Mwaka 1948 ulifanywa hifadhi ya taifa, na James Kirkman akaanza kuchimba. Kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita mji wa Waarabu. Jamaa wa pwani waliosimama katika mlango wa jumba la Gede katika miaka ya 1950 au 1960 walikuwa wakipigwa picha mbele ya kazi ya wazee wa utamaduni wao, huku maelezo ya kitaalamu yakiwaambia kwamba ni kazi ya wageni. Uchunguzi wa baadaye wa wataalamu kama Chapurukha Kusimba na George Abungu uliirudisha miji hiyo mikononi mwa Waafrika wa pwani, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Sasa mtafiti wa lugha atauliza: nyuma ya picha ya wakati ule paliandikwa nini? Gede, kama wenyeji wasemavyo, au Gedi, kama vibao vya serikali vilivyosoma? Magofu, mji wa kale, au nyumba ya Waarabu? Neno moja lililoandikwa kwa kalamu ya risasi laweza kutuambia watu walijionaje mbele ya mawe yale, jambo ambalo ripoti ya uchimbaji haikukusudia kulieleza.

Wasiokwenda popote nao walipata safari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, ambao wengi wao walitoka bara, walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Heike Behrend, aliyewachunguza, ameonyesha jinsi mteja alivyoweza kusimama mbele ya dunia nzima kabla ya kupanda feri kwenda kazini. Hapo ndipo mantiki ya Anaheim na ya Likoni zinapokaribiana: mahali palipotengenezwa ili mtu aonekane kwamba alikuwa mahali.

5. Mkao na usomaji

Picha ya matembezi ina sarufi yake. Wazee hukaa kwenye viti au ukuta. Wengine husimama nyuma. Watoto huchuchumaa mbele. Mgeni hupewa katikati. Aliyevaa saa huuweka mkono wake paonekane. Mambo haya macho yanayaona. Lakini ili kujua kwamba yule wa pembeni ni wifi na si dada, au kwamba mtoto aliyepakatwa ni wa somo na si wa nyumbani, lazima pawe na mtu wa kusema.

Usemi huo ndio tunaouita usomaji wa picha, nao una kanuni ambazo sarufi zetu hazijaziandika. Msomaji hutumia wakati uliopo kwa mambo yaliyopita: "hapa tuko Gede", "hapa tumetoka kula". Kionyeshi hapa huacha kuonyesha chumba alichomo msemaji, kikaonyesha mahali palipo ndani ya karatasi; na nafsi ya kwanza hugawanyika, msemaji akajionyesha kwa kidole na kusema "huyu ni mimi", kana kwamba ni mtu wa tatu. Kisha hufika kwa aliyefariki. Hapo mara nyingi wakati hubadilika: "huyu alikuwa...", au jina hutanguliwa na marehemu, au sauti hushuka tu. Katika picha moja, katika safu moja ya watu walioguswa na jua lilelile, lugha hupitisha mstari kati ya walio hai na waliokufa. Mstari huo haumo katika picha. Unachorwa na kinywa, na kila mwaka unasogea.

Katika nyumba ya Gongoni usomaji huu waweza kufanywa kwa lugha mbili. Bibi atasomwa kuwa hawe kwa Kigiryama na nyanya kwa Kiswahili cha shule, na babu atakuwa tsawe. Mjukuu aliyesoma Mombasa atachagua neno kulingana na nani anayesikiliza. Mtafiti wa istilahi za ujamaa, ambaye huwasumbua wazee kwa maswali ya madodoso, angepata zaidi kwa kufungua albamu na kunyamaza.

Nyuma ya picha nako kuna matini. Neno ukumbusho, jina la mpokeaji, tarehe, salamu fupi zilizofanana na za barua: huo ni utanzu mdogo wa uandishi, wenye fomula zake, ambao ulistawi wakati picha zilipotumwa kwa posta na ambao umekufa bila kuandikiwa tanzia. Picha ya simu haina mgongo.

6. Kigango na picha

Mtu aweza kuuliza kama jina lina uzito mkubwa kiasi hicho. Wagiryama wana jibu lililo la kale kuliko kamera. Mwanachama wa chama cha Gohu anapofariki, jamaa zake humsimamishia kigango, yaani mti uliochongwa. Kigango hakifanani na uso wa marehemu. Mapambo yake mengi ni ya pembetatu na duara. Kinachokifanya kiwe cha fulani ni jamaa wanaojua ni cha nani, wanaokipa tembo na kukisemesha. Katika miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa na kuuzwa, na vingi vikafika Marekani, vikasimamishwa katika makumbusho kwa jina la sanaa, bila jina la mtu.

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Miaka mingi ikapita, ndipo Udvardy, akishirikiana na Linda Giles, alipokitambua kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois na cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Picha ile ikawa ushahidi, na mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa kwa jamaa. Tuangalie ni nini hasa kilichofanya kazi. Picha peke yake ingeonyesha mzee na miti miwili. Ilikuwa na nguvu kwa sababu mpigaji aliandika ni nani, ni wapi, na ni vya nani. Katika ghala za makumbusho zimo picha nyingi za wazee wetu zilizopigwa na wasafiri, nzuri kwa macho, ambazo haziwezi kumrudishia mtu chochote, maana chini yake pameandikwa kabila tu.

Hata hivyo si kila mtu ataka picha yake itunzwe, na hapa ndipo ilipo sababu ya kutotaja majina ya wenye albamu. Behrend ameeleza jinsi, hasa kuanzia miaka ya 1980, wanawake wengi Waislamu wa pwani walivyojiondoa katika macho ya kamera, na picha za zamani zikafichwa au kuharibiwa kwa sababu ya dini. Mtafiti asiingie katika nyumba hizo na madai ya urithi wa taifa. Picha ya msichana bila buibui siku ya Idd mwaka 1968 ni mali yake aliyekuwa msichana huyo. Lakini mtaalamu wa lugha ana nafasi ambayo wenzake hawana: aweza kuyahifadhi maneno bila kuichukua picha. Mwenye picha akikubali kusimulia siku ile, alivyovaa, walipopanda gari, nani alilipa, nani alikasirika, basi masimulizi yake yaandikwe, na picha irudi sandukuni au iende motoni kama atakavyo yeye.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha ya siku ya matembezi ina mambo matatu ya kuchunguzwa: mahali palipochaguliwa, ambapo hubeba hoja ya historia hata kama waliosimama hawakuikusudia, mkao, ambao huonyesha mpango wa jamaa, na maneno, yaliyoandikwa au yaliyosemwa, ambayo huyaunganisha mawili ya kwanza na watu wenye majina.

Karatasi yenyewe haina muda mrefu. Hewa ya bahari na unyevu huleta ukungu. Picha za rangi za miaka ya 1970 hugeuka nyekundu. Gundi ya albamu za nailoni huzila kwa nyuma. Hata hivyo karatasi yaweza kupigwa picha upya kwa dakika moja. Aliyesimama Gede akiwa na miaka 10 mwaka 1960 amepita umri wa miaka 70, na hakuna chombo cha kumnakili.

Idara zetu huwatuma wanafunzi vijijini kukusanya methali na hadithi. Tunapendekeza kwamba dodoso la mwanafunzi liongezwe ukurasa mmoja. Amwombe mwenye nyumba picha moja ya matembezi, ikiwa yupo radhi. Aandike maswali manne: ni wapi, ni akina nani na wanaitanaje, nani alipiga, na nani anayesoma. Anase usomaji wote bila kuukatiza, pamoja na mahali wakati wa kitenzi unapobadilika. Kama mwenyewe ataka, aandike majina nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, polepole, asije akaichora upande wa pili. Kazi hiyo haihitaji fedha ya wafadhili. Inahitaji kufanywa wakati bado yupo mtu wa kusema "huyu ni mimi".